Mvua ya Uani

Ijumaa, 1 Machi 2024

Joto halijavunjika. Kaskazi imelegea, majani ya mnazi yanacheza kidogo kuanzia saa nne, jioni yanatulia kabisa. Udongo wa Pongwe, hapa Tanga, ukikauka namna hii chokaa yake hujitokeza, na mchungwa wetu ndio unaosema: majani machanga yamegeuka njano, mishipa peke yake imebaki kijani. Chokaa ikizidi ardhini, mizizi hushindwa kunywa madini ya chuma hata kama yapo. Dawa yake ni mboji, kisha mboji tena, na subira.

Tumepindua matuta yote ya nyuma. Mzee wangu analima, mimi nafuata na karai. Mboji ya safari hii imetoka nzuri, nyeusi, haina harufu. Ni mbolea ya kuku iliyolala shimoni tangu Oktoba pamoja na maganda ya ndizi na majani makavu. Mbichi ingeunguza miche. Kuku walikuwa nyuma yetu muda wote wakigombea nyungunyungu hadi Radi akawatoa. Hakuna aliyemfundisha mbwa huyu kazi hiyo. Analala kwenye kona ya uzio, kidevu juu ya miguu ya mbele, na kuku akiuvuka tu mstari wa mchaichai yeye anainuka.

Nimeosha kopo langu la mvua na kulirudisha kwenye kigingi chake. Ni kopo la maziwa ya unga ambalo kuta zake zimenyooka kuanzia chini hadi juu, na ndani nimesimamisha rula. Jirani aliwahi kuniuliza iweje kopo dogo hivi liseme mvua ya uwanja mzima. Nikamwambia upana wa mdomo hauna neno ilmradi kuta zimenyooka: mvua iliyosimama milimita kumi ndani ya kopo ingesimama milimita kumi ndani ya sufuria, ndani ya karai, na juu ya shamba zima kama maji yasingekimbia wala kunywewa. Na kila milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hesabu hii niliifanya kazini maisha yangu yote, ila hapa uani ndipo ninapoiona inageuka mchicha.

Mzee anataka kupanda mpapai karibu na kopo, penye jua. Nimemwonyesha kwa hatua: kitu chenye urefu wa mita tatu kikae si chini ya mita sita kutoka kwenye kopo, la sivyo kitalikinga. Amecheka, amechukua jembe lake, akausogeza mpapai hadi karibu na bafu la nje. Huko utakunywa maji ya kuogea.

Jumapili, 10 Machi

Bomba limekauka tangu jana. Maji ya kuoshea mboga yamekwenda kwenye migomba, ya kusuuzia vyombo kwenye mpapai. Paka wetu Chausiku amelala katikati ya kitalu cha mchicha, kwa sababu hapo ndipo udongo ulipo laini. Nimemwacha amalize usingizi wake, ndipo nikasawazisha na kusia mbegu upya upande aliolalia.

Jumapili, 17 Machi

Imenyesha!

Ilianza usiku wa manane, matone makubwa machache juu ya bati, kisha kimya, kisha yote kwa pamoja. Harufu ya vumbi lililolowa ikaingia hadi chumbani. Chausiku akapanda kitandani akajikunja miguuni petu. Mzee hakuamka. Mimi nilikaa macho kwa hiari yangu, nimejifunika shuka, nikiisikiliza.

Nataka kuandika jambo hili vizuri kwa sababu nadhani ndilo ninalolipenda kuliko mengine yote ya kustaafu. Mvua ya usiku, miaka yote ya kazi, ilinikuta nimesimama. Mpimaji wa hali ya hewa aliye zamu halali. Kila saa kuna cha kusoma na kila saa tatu kuna taarifa kubwa ya kutuma, kwani vituo vya dunia nzima husoma kwa saa zile zile ili ramani moja ipatikane. Nilitoka na tochi na koti la mvua, nikafungua kile kibanda cheupe chenye mbao zilizopangwa kwa mwinamo, nikasoma kipimajoto kikavu na kile chenye kitambaa chenye maji, nikatazama upepo, nikakisia mawingu gizani, nikarudi ndani kuandika. Namba zikaondoka. Rubani alizitumia, nahodha alizitumia, bwana shamba alizitumia. Nilijivunia kazi ile na bado najivunia. Lakini sikujua mvua niliyoipima imemnyeshea nani, wala kama ilimfaa au ilimwaga kitalu chake.

Leo saa tatu asubuhi, saa ile ile ya kupimia mvua vituoni, nimekwenda kwenye kopo na kandambili zangu. Milimita kumi na nne. Kisha nikaifuata mvua yangu ilikokwenda. Imeshuka udongoni kiasi cha kiganja na vidole vyake. Kisamvu kimesimama. Chini ya mstafeli bado pakavu kabisa, majani yake mazito yamezuia yote. Kwenye kitalu, mbegu chache zimesombwa hadi ukingoni. Zitaota pale pale ukingoni, nami nitaziacha.

Kuku wamekataa kutoka bandani mpaka saa nne. Radi, aliyepewa jina hilo angali mtoto na sauti kubwa, amelala chini ya meza ya jikoni tangu ngurumo ya kwanza.

Jumamosi, 23 Machi

Siku ya Hali ya Hewa Duniani. Mkataba wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulianza kufanya kazi tarehe kama hii mwaka 1950, na kila mwaka ofisini tulikuwa na maonyesho, wanafunzi wanakuja, tunawaonyesha vyombo. Mwenzangu wa zamani amepiga simu kutoka Kigoma. Naye amestaafu, anafuga bata kando ya ziwa. Tumeongea mpaka salio lake likaisha, nami nikampigia.

Baada ya hapo nikatandika mkeka chini ya mwembe, upande ulio wazi, nikahesabu mawingu. Sisi wapimaji hugawa anga mafungu nane, tukasema mangapi yamefunikwa. Hayo mafungu huitwa okta. Saa tano: okta tatu, vidonge vyeupe vya chini vyenye matumbo bapa. Saa saba: okta tano, vimeanza kurefuka kwenda juu upande wa Usambara. Mtoto wa jirani alikuja kulala kando yangu, akauliza itanyesha leo au haitanyesha. Watoto wa mtaa huu huniita Bibi Mvua. Nikamwambia atazame lile wingu lililo juu ya milima: kichwa chake kikianza kutandazika, aniambie. Akalitazama kwa umakini ambao walimu wake wangeufurahia. Saa tisa akanikimbilia jikoni: "Bibi, limetandazika!" Saa kumi na moja nguo za mtaa mzima zilikuwa zimeshaanuliwa, na mvua ikaja.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Nyumba imejaa. Kijana wetu na mkewe wameshuka kutoka Arusha na mjukuu. Tumechinja jogoo yule mwekundu mwenye fujo, tukala na wali wa nazi, mchicha wa uani uliopikwa kwa karanga, na papai lililoivia mtini, ambalo halina uhusiano wowote na lile linalovunwa bichi likaivia sokoni.

Alasiri radi ilipiga upande wa bahari. Mbwa akaenda chini ya meza. Mjukuu akataka kumfuata. Nikamkamata mkono, tukakaa wote wawili kizingitini. Nikamwambia: ukiona mwanga, anza kuhesabu polepole mpaka usikie mlio. Mwanga hufika papo hapo. Mlio hutembea kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Tulihesabu hadi kumi na tano. Kilomita tano, nikamwambia. Mara ya pili tukafika kumi na mbili. Mara ya tatu tisa, akanisogelea. Kisha ikawa kumi na nane, na akashangilia kwa sababu alijua mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba inaondoka. Akaenda chini ya meza kumpa Radi habari hiyo.

Ameniuliza pia kwa nini Chausiku ana rangi tatu. Paka wa rangi tatu karibu wote ni majike. Rangi nyeusi na ya kahawia ya machungwa hubebwa na kromosomu ya X, na jike anazo mbili, kila moja na rangi yake. Dume ana moja tu. Baba yake alisema mtoto wa miaka saba hawezi kuelewa hayo. Jioni nilimsikia mtoto akimweleza babu yake habari hiyo, na aliieleza sawasawa.

Jumanne, 9 Aprili

Jirani zangu wamefunga siku ya ishirini na tisa. Tangu katikati ya Machi, karibu kila jioni, sahani imekuwa ikivuka uzio: mimi napeleka magimbi, mihogo na ndimu, inarudi na tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Leo saa kumi na mbili mama wa nyumba ile alikuja mwenyewe hadi kwenye mkeka wangu. "Bibie, magharibi kutakuwa wazi?" Nikamwambia mvua ya mchana imesafisha anga, lakini kuna ukanda mzito chini kabisa, upande wa Usambara, na mwezi mwandamo hukaa chini hapo hapo. Tulisimama wote uani kwangu, nyumba mbili, wazee na watoto. Hatukuuona. Taarifa ikaja usiku redioni kwamba umeandama. Vigelegele vimesikika hadi barabarani.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Pilau imevuka uzio kabla sijapika chai. Mvua nyepesi, milimita tatu. Watoto wamekuja na nguo mpya kutoa mkono wa Idi, wakapewa hamsini hamsini na mzee, na pera moja moja na mimi.

Jumapili, 21 Aprili

Njiwa wameangua. Makinda mawili, macho bado yamefungwa, manyoya ya njano machache. Mzee alitengeneza nyumba yao kwa vipande vya mninga. Alikuwa fundi wa karakana ya reli na hajui kupiga msumari pasipo kupima mara mbili, kwa hiyo milango yote ya njiwa inalingana kwa unywele.

Nimewafuatilia tangu walipotaga. Saa nne asubuhi dume huja, jike hunyanyuka, dume huingia taratibu akayafunika mayai. Saa kumi jike hurudi, naye hulala nayo mpaka asubuhi. Hawagombani kwenye kubadilishana. Yule anayetoka hukaa kidogo ukingoni, hunyosha bawa moja na mguu wa upande huo huo, ndipo akaruka. Ni zamu halisi, na mtu aliyeishi kwa zamu huitambua. Sasa makinda wanalishwa na wote wawili. Baba na mama kila mmoja hutengeneza shingoni, kwenye mfuko wa chakula, kitu cheupe kizito wanachowacheulia watoto siku za mwanzo kabla ya kuwapa nafaka. Ndege wachache sana duniani hufanya hivyo. Mzee amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ile tangu chai ya saa nne, na nimempelekea chakula cha mchana huko huko.

Jana usiku kopo lilipata milimita thelathini na mbili. Bati letu lina eneo la mita za mraba themanini. Thelathini na mbili mara themanini ni lita elfu mbili mia tano na sitini. Hata ukitoa iliyoruka nje ya gata, tangi la lita elfu mbili limejaa kwa usiku mmoja na yaliyozidi yamekwenda bustanini. Dodoma, nilikowahi kufanya kazi, mara nyingi mvua ya mwaka mzima haifiki milimita mia sita. Nilijifunza huko kumwona mtu akinawa juu ya mche, na mpaka leo sinawi kwingine.

Taarifa ya habari saa mbili: Rufiji na Kibiti maji yamefunika mashamba, watu wanapita kwa mitumbwi juu ya mahindi yao. Nimezima redio nikakaa. Bonde lile hupokea mvua ya Nyanda za Juu Kusini, mamia ya kilomita kutoka hapo. Mtu anaweza kuzama mchana wa jua kwa mvua ambayo hakuiona. Kanisani asubuhi tulichangia unga na nguo. Nimepeleka pia mbegu za mchicha na bamia, nimezifunga kwenye karatasi, kwa ajili ya siku maji yatakapotoka. Udongo unaoachwa na mafuriko una rutuba, na mchicha huvunwa ndani ya wiki chache.

Ijumaa, 3 Mei

Kimbunga kiko baharini, na kimepewa jina: Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa taarifa baada ya taarifa, kutoka Mtwara na Lindi hadi Pwani, Dar es Salaam, visiwani na hapa Tanga. Wavuvi wameonywa wasitoke.

Simu yangu haijanyamaza. Wanauliza nilikuwa wapi kuwaambia kwamba vimbunga hufika huku. Ukweli ni kwamba hufika kwa nadra sana. Kimbunga kinahitaji maji ya moto, na hayo tunayo. Lakini kinahitaji pia msukumo unaotokana na kuzunguka kwa dunia ili upepo ujipinde na kujizungusha, na msukumo huo hufifia kadiri unavyoikaribia ikweta. Sisi wa Tanga tuko nyuzi tano tu kusini yake. Ndiyo maana Msumbiji na Madagaska hupigwa karibu kila mwaka, nasi tunasikia redioni. Hata hivyo Lindi ilipigwa mwaka 1952. Na Unguja ilipigwa mwaka 1872, kimbunga kikang'oa mikarafuu ya kisiwa. Pemba iliyonusurika ndiyo ikawa nchi ya karafuu mpaka leo. Mwaka wa kwanza wa mafunzo walitufundisha miaka hiyo miwili, na sikudhani ningeitaja tena nikiwa nimeshika kamba ya kufungia banda la kuku.

Kazi ya leo: mzee amepanda ngazi akakata makuti makavu yote ya mnazi ulio karibu na nyumba. Nyumba ya njiwa tumeifunga kwa waya kwenye nguzo mbili. Gata zimesafishwa. Mihogo iliyokomaa nimeing'oa, iliyo michanga nimeikusanyia udongo shinani. Ndoo, karai, jembe, vyote ndani. Nilizunguka mtaa na mtoto wa jirani, nyumba kwa nyumba, kuwaambia waweke mawe au wafunge mabati yaliyolegea, kwa sababu kwenye upepo mkali bati la jirani ndilo linaloua. Wamenisikiliza. Fundi seremala alitoka na nyundo yake akaenda nyumba ya bibi mmoja anayeishi peke yake, akapigilia bati zote za upande wa kusi bila kutaka malipo.

Saa tatu usiku. Upepo unatoka kusini mashariki, wa kawaida. Kuku wako jikoni, Radi yuko kitandani pake, Chausiku juu ya kabati. Mzee amesema nilale, yeye atakesha. Nimemwambia tukeshe wote, na ametengeneza kahawa na tangawizi.

Jumamosi, 4 Mei

Kimepoteza nguvu baada ya kuingia nchi kavu Mafia. Hapa tumepata mvua ya masika na upepo uliotikisa makuti, basi. Kule kusini barabara zimekatika na watu wanaendelea kuhesabu hasara.

Nilisoma kopo saa tatu. Kuku walitoka jikoni kwa mstari, wakiongozwa na kishingo yule mzee, wakaenda moja kwa moja kwenye tuta la bamia. Leo Radi amewaacha.

Nimelala mchana mpaka saa kumi na moja.

Jumatano, 22 Mei

Binti yetu anayefanya uuguzi Hannover ametuma picha: dirisha la duka, vyungu vidogo vimepangwa, kila kimoja na ua la zambarau lenye majani ya manyoya. Ameandika, "Mama, si hili la barazani kwako?"

Ndilo. Asili yake ni hapa hapa, kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara na kwenye miamba ya chokaa iliyo karibu na mji wa Tanga. Wakati wa Wajerumani mtawala wa wilaya hii, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona akapeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen, naye mwaka 1893 akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia. Bustani hiyo iko Hannover. Binti yangu hupita karibu nayo akienda kazini, na hakuwa anajua. Nimemwandikia yote kwa urefu, na kumwambia aende siku yake ya mapumziko akaitazame, amsalimie mtu yeyote atakayemkuta na ndoo ya kumwagilia.

Langu nililipata kwa jani moja tu kutoka kwa dada yangu wa Muheza. Unakata jani na kikonyo chake, unakichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, unasubiri wiki kadhaa, na shinani huchomoza vijani vidogo vyenye manyoya tayari. Halitaki jua la moja kwa moja. Halitaki maji ya baridi juu ya majani, hubaki madoa. Mimi huweka chungu kwenye sahani yenye maji likanywa kwa chini. Linapenda hewa ya unyevu, na Mei ya Tanga, yenye mvua nyingi kuliko miezi mingine, inalifaa. Leo lina maua tisa. Porini wenzake wanapungua kadiri misitu inavyokatwa, na mahali pengine wamebaki kwenye mwamba mmoja au miwili. Kwa sababu hiyo kila anayeingia kwangu akilisifia huondoka na jani, na maelekezo niliyomwandikia kwa mkono.

Jumamosi, 15 Juni

Kusi imeshika. Asubuhi nimevaa sweta. Mvua zimekatika, zinapita za kurukaruka tu, na anga la mchana lina okta mbili au tatu za mawingu yanayokimbia kutoka baharini. Nimejumlisha daftari la masika, nikamsomea mwenzangu wa Kigoma kwa simu, naye akanisomea lake. Wote wawili tulikuwa na namba na wote wawili tulikuwa na hadithi za kila namba: kwangu, ile ya Machi iliyootesha mchicha ukingoni, kwake, ile ya Aprili ambayo bata wake walitoka nayo kwenda ziwani wasirudi hadi jioni.

Mchungwa umetoa majani mapya na ni ya kijani. Nimeshika moja nikaligeuza juu na chini kwenye mwanga. Mpapai wa karibu na bafu umechanua, na ni jike. Maua yamekaa karibu na shina, manene, kila moja na kitunda chake tayari. Mzee ameuzunguka akiushika shina kama anayekagua gurudumu la behewa. Makinda wa njiwa wa Aprili sasa wanaruka hadi mwembe na kurudi, na jike ametaga tena.

Tumevuna bamia vikapu viwili. Kimoja tumegawa.

Kesho ni siku ya chanjo ya kideri. Kichupa cha chanjo hiyo, I-2, kinatosha kuku wengi kuliko wetu, na kikishachanganywa hakiwekwi akiba, kwa hiyo tumepatana nyumba sita. Kuku wasifunguliwe asubuhi mpaka tufike. Mzee atawashika, mimi nitadondosha tone moja jichoni na kusubiri kila mmoja apepese, mtoto wa jirani ataandika. Tutaanzia kwa yule bibi wa peke yake saa kumi na mbili, kabla jua halijawa kali kwa dawa, na tumalizie hapa kwetu. Chai na mihogo nitakuwa nimeshaviacha mezani, vya watu wote wa nyumba sita.